Uzoefu wangu na tangi la samaki la lita 400, miezi 14 baadaye

Nilitamani tangi kubwa kwa miaka mingi. Nilipopata nafasi nikanunua seti nzima: tangi la kioo la sentimita 150 kwa 50 kwa 55, meza yake ya mbao yenye kabati, filta ya kopo ya kusafisha maji (ile inayokaa chini ndani ya kabati), hita moja ya wati 300, taa za LED na kijitabu cha maelekezo. Sasa lina miezi 14 sebuleni. Kioo na filta ningevinunua tena hata kesho. Kijitabu ndicho kilichoniulia samaki wanne, na ndicho hasa kilichonifanya niandike haya.

Kwanza uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo maji peke yake yanakaribia kilo 400. Kioo cha unene wa milimita 12 kinakaribia kilo 90, halafu kuna mchanga, mawe na meza. Jumla inapita nusu tani, na yote imekalia eneo la robo tatu tu ya mita ya mraba. Langu liko chini, juu ya sakafu ya zege. Kama yako ni sakafu ya mbao ghorofani, ita fundi aikague kabla hujanunua chochote.

Niliweka pimamaji juu ya meza kwa urefu, kikasoma sawa, nikaanza kujaza. Maji yalipofika nusu nikachuchumaa mbele ya kioo na kuona mstari wa maji haulingani na ukingo wa chini: upande wa kulia ulikuwa juu kwa milimita 4 hivi. Unaweza kusema milimita 4 ni nini. Lakini meza ikipinda, kioo kinalazimika kupinda nayo, na kioo hakijui kupinda. Kinapasuka, au silikoni ya kwenye kona inaanza kuachia. Niliyatoa maji yote. Nikagonga kabari nyembamba chini ya meza, kamwe si chini ya kioo, nikapima urefu, upana na mshazari, kisha nikaanza upya. Tangi lisilo na fremu chini lazima pia lilalie tandiko jembamba la povu, kwa sababu punje moja ya mchanga iliyobanwa kati ya kioo na mbao inatosha kuanzisha ufa. Povu lilikuja kwenye seti, nawapongeza kwa hilo, ila kijitabu hakikulitaja kabisa. Nusura nilitupe nikidhani ni la kufungia mzigo.

Nilichagua mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, ambao leo wanafugwa dunia nzima kwa jina hilohilo walilopewa na watu wa ziwa. Ni wachimbaji. Mawe yao yasiwekwe juu ya mchanga, maana watachimba chini yake mpaka jiwe liangukie kioo. Nilitandika bamba la plastiki, nikapanga mawe juu yake, mchanga ukafuata mwisho.

Sasa kijitabu. Kiliandika: jaza maji, tia dawa ya kuondoa klorini, mimina chupa ya bakteria, subiri saa 48, weka samaki. Nilifuata neno kwa neno, nikaweka samaki sita wadogo. Siku ya tano asubuhi mwanangu akaniita, "Mama, mbona samaki wote wako juu?" Walikuwa wamejipanga chini tu ya uso wa maji, midomo juu, matamvua yakienda mbio. Nikapima amonia, sumu wanayoitoa samaki wenyewe, kwa kipimo cha matone. Maji salama hubaki ya njano kwenye kile kichupa. Yangu yaligeuka kijani kibichi mbele ya macho yangu. Nilibadilisha nusu ya maji siku hiyohiyo na siku iliyofuata. Wanne walikufa. Wawili niliwapeleka kwa rafiki mwenye tangi lililokomaa, yaani lenye bakteria wa kutosha wa kusafisha maji, wakapona. Niliumia sana, kwa sababu wale samaki hawakuwa na pa kukimbilia.

Kinachotokea ni hiki. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwani huizuia damu kubeba oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi na unaiondoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huishi hasa kwenye sponji na vipande vya kauri ndani ya filta, na hukua polepole. Hesabu wiki 4 hadi 6. Chupa niliyopewa haikuziba pengo hilo. Tena mbuna wanataka maji ya pH (kipimo cha uchachu wa maji) 8 hivi, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia nyingi inavyokuwa katika hali yake ya sumu kali. Saa 48 kwa samaki hawa ni hukumu ya kifo.

Mara ya pili nililikomaza tangi bila samaki. Ili kuwalisha bakteria nilitia amonia tupu, isiyo na sabuni wala manukato, hadi miligramu 2 kwa lita, nikapandisha joto hadi nyuzi 28 na kupima kila jioni. Nitriti ilionekana siku ya 11, ikakaa juu kwa wiki tatu nzima nikidhani nimekosea. Siku ya 38 nilitia amonia usiku, na usiku uliofuata amonia na nitriti zote zilisoma sifuri. Nikabadilisha karibu maji yote ili kupunguza nitrati, nikashusha joto hadi 25, nikaweka samaki 18 kwa pamoja. Mbuna wakiingia mmojammoja, mwenyeji humpiga mgeni.

Filta yenyewe ni imara na kimya kiasi kwamba huweka mkono kuhakikisha inafanya kazi. Ila boksi linasema lita 1500 kwa saa. Nilielekeza bomba lake kwenye ndoo ya lita 10 nikiwa na saa mkononi: sekunde 40. Hiyo ni lita 900. Kwa samaki wachafu kama mbuna haitoshi, nikaongeza filta ya pili. Sponji zisafishe kwa maji uliyoyatoa tangini, si ya bomba, la sivyo klorini itawaua bakteria uliowangoja wiki sita.

Hita moja kubwa ni kosa la seti hii. Ikikwama ikiwa imewaka, inawapika samaki, ikizima, wanapoa. Nimeweka mbili za wati 200, na huzizima kila ninapopunguza maji ili zisipasuke zikiwa hewani. Taa ni kali mno. Nilipoziacha zikiwaka kwa muda wa saa 12 kila siku, mwani ulifunika mawe. Sasa taima inaziwasha kwa muda wa saa 7 tu.

Kila wiki natoa lita 120, ndoo sita za lita 20. Huchukua saa moja na nusu, na ninaipenda saa hiyo kuliko nilivyotarajia.

Tangu juzi jike mmoja wa manjano hali chakula. Anakaa nyuma ya jiwe la kushoto, taya limejaa kama aliyefumbata kitu. Nilipomulika kwa tochi akafungua mdomo kidogo, nikaona mayai. Atayabeba mdomoni wiki tatu hivi, na tangi dogo la watoto tayari linakomaa, likiwa na sponji niliyoitoa kwenye filta ya kwanza.