Komyuniti koleji Texas, Business Management: darasa bora nililowahi kusoma ndilo wamelikataa

Kuna mdada yuko Mwanza, kapata green card ya bahati nasibu, kanitumia voisi WhatsApp anauliza eti dada nikija huko nisome Business Management kwenye komyuniti koleji, vile vyuo vya umma vya miaka miwili, unashauri? Nikaanza kumjibu kwa ufupi, nikajikuta naandika gazeti, na hasira ambazo nilidhani zimeisha zikarudi zote. Kwa hiyo naliweka hapa lote, atakayefaidika afaidike. Ada, ratiba, jengo lina maktaba ghorofa ngapi, hayo mtayakuta kwenye tovuti yao, mimi siyagusi. Jina la chuo nalo silitaji, ila ni Texas.

Iko hivi. Kwenye vyuo hivi ukitaka kusoma biashara kuna programu mbili ambazo kwa nje zinafanana kabisa. Moja ni AAS ya Business Management, cheti cha miaka miwili cha kukupeleka kazini moja kwa moja. Nyingine ni ile ya anayetaka kumalizia digrii chuo kikuu, na cheti chake kinaitwa AA au AS kutegemea na chuo. Zote miaka miwili, zote krediti (vile vipimo vya uzito wa kozi) 60 hivi, ada ile ile, jengo lile lile, hata wanafunzi mnapishana kwenye korido mnasalimiana. Tofauti utaijua siku unapotaka kuhamia chuo kikuu. Na mimi siku ya kujiandikisha nilimwambia yule kijana aliyenipokea, kwa mdomo wangu, tena nikarudia kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa kinatetemeka, kwamba mimi mwisho wa safari nataka BBA, yaani digrii ya kwanza ya biashara, ya uhasibu, chuo kikuu. Akasema safi sana, akabonyeza bonyeza kompyuta, printa ikatema karatasi ya kozi za kuchukua, imejaa BMGT, HRPO, MRKG, ACNT. Kwa mtu aliyetoka Bongo juzi hizo ni herufi tu. Sisi kwetu ukimaliza diploma, NTA level 6, unajua mbele kuna 7 halafu 8, unapanda tu. Hakuna mtu anakwambia level 6 yako ni ya kufanyia kazi, sio ya kupandia.

Sasa kabla sijafika kwa mama wa ofisi ya ushauri (nitafika, msijali) lazima niseme kuhusu darasa la uhasibu, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini niliumia hivi. Kozi yenyewe ni ACNT 1303. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mchana anafanya mahesabu kwenye kampuni ya malori, jioni anakuja kutufundisha, wale walimu wa kulipwa kwa darasa ambao hata ofisi hawana, ukitaka kumuona anakukaribisha kwenye meza za kafeteria. Nilikuwa nafika darasani naelekea shifti ya usiku, nabeba mabox kwelikweli, ghala, sio mabox ya kwenye stori, nimevaa kabisa vesti ya chungwa. Siku moja debiti na krediti zikagoma kuingia kichwani kwa darasa zima. Akafunga kitabu, akaniuliza mama yako huko nyumbani anafanya kazi gani. Nikamwambia anauza vitenge Kariakoo. Akasema vizuri, leo tunafungua vitabu vya mama.

Akachora herufi T kubwa ubaoni. Vitenge vilivyoko stoo kushoto. Mkopo wa VICOBA kulia, na hapo nilitumia dakika nzima kueleza VICOBA ni nini na darasa likapenda sana hiyo habari, kuna Mmeksiko akasema hata bibi yake anacheza kitu kama hicho. Pesa ya droo kushoto. Kisha akauliza kuna wateja wanaochukua bila kulipa? Nikacheka kwanza. Nikamtaja mmoja, jirani, yule wa "nitakupa mwisho wa mwezi" tangu mimi niko sekondari. Akamuwekea akaunti yake kwenye wadaiwa. Kijana mmoja nyuma akauliza je asipolipa kabisa, mwalimu akafurahi kama kapewa zawadi, akafungua akaunti ya madeni yasiyolipika, tukamuhamishia huyo jirani huko, pande mbili zikalingana mpaka senti, na darasa likapiga makofi. Nilimpigia mama simu kumsimulia, akasema mwambie mwalimu wako basi aje adai yeye. Tangu siku hiyo uhasibu haujawahi kunishinda. Yaani mizania naiona hata nikiwa kwenye foleni ya duka.

Hilo ndilo darasa walilolikataa.

Nilipoomba chuo kikuu, karibu namaliza, ikaja tathmini ya krediti zangu. Kati ya zile 60, zilizohesabika kwenye digrii ni kama robo tu: Kiingereza, hesabu, ile ya kuhutubia, hivyo vya jumla ambavyo AAS lazima iwe navyo. Kozi zote za BMGT, HRPO zote, chini. Na ACNT 1303 imeandikwa pembeni kwamba haichukui nafasi ya ACCT 2301, ile kozi ya uhasibu inayotakiwa kwenye digrii. Nikadhani kompyuta imekosea herufi. ACNT, ACCT, nani anaona tofauti? Kumbe ndio mfumo wenyewe. Huku Texas namba za kozi zinatumika karibu vyuo vyote vya umma, na kuna kundi la kozi za kitaaluma zinazopokelewa chuo kikuu, na kundi la kozi za kuandaa wafanyakazi ambazo kwa kawaida hazipokelewi. ACCT, BUSI, ECON ni kundi la kwanza. ACNT na BMGT ni la pili. Tena kuna krediti 42 wanaziita core, yaani masomo ya msingi, ambazo ukizimaliza vyuo vyote vya serikali Texas vinalazimika kuzipokea kwa sheria. Kwa sheria! Hilo mimi nilikuja kuambiwa na kaka mmoja Mkenya tunayefanya naye shifti, tumesimama kwenye mkanda wa vifurushi. Kaniambia "pole sana siz, hata mimi walinifanyia hivyo hivyo, unaangalianga zile herufi za mbele." Mtu wa mabox ndiye aliyenipa ushauri wa masomo.

Asubuhi yake nikatoka kazini moja kwa moja mpaka ofisi ya ushauri. Ilikuwa karibu na mwanzo wa muhula, watu wamejaa, unachukua namba unakaa unatazama tivii inayoonyesha picha za wanafunzi wanacheka. Ikafika zamu yangu. Dirishani kuna mama mmoja, ana bakuli la pipi, anatazama skrini yake tu. Shikamoo za kwao hazipo hilo najua, lakini hata hai hakunipa, kanyoosha mkono kuomba kitambulisho. Nikaeleza. Akageuza skrini kidogo nione, nikaona vimistari vyangu vya kijani vimejaa, eti asilimia tisini na kitu. Akasema unaona, unakaribia kumaliza, hongera. Nikamwambia mimi sitaki kumaliza hiki, nilisema tangu mwanzo nataka kuhama, nani alitakiwa kuniambia kwamba hizi haziendi? Akasema iko kwenye katalogi.

Iko kwenye katalogi! Nikauliza sasa nifanye nini. Akasema kuna digrii inaitwa BAAS, baadhi ya vyuo vikuu vinapokea AAS nzima kuingia huko. Sawa, hiyo ni kweli, nimekuja kuhakikisha, ipo na kuna watu imewasaidia, ukitaka tu kuwa na digrii ya kupandia cheo kazini ni njia nzuri. Ila mimi nataka uhasibu. Nikamwambia. Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza, akaangalia vesti, akaangalia jina langu kwenye kadi, akasema, namnukuu kwa Kiswahili: "Kwa nini hukuchukua unesi? Watu wenu wengi wanachukua unesi na wanafanya vizuri sana."

Watu wangu. Nimesimama pale miguu inaniuma, sijalala, nina A ya uhasibu kwenye hiyo hiyo skrini anayoitazama, ananiambia watu wangu. Nikamwambia mama, mimi damu naiogopa. Akacheka, akanisogezea bakuli la pipi.

Labda alitaka kunituliza. Hapana, hakutaka kunituliza, alitaka nitoke dirishani. Au labda na yeye kachoka, wanafunzi mamia, washauri wachache. Lakini hata hivyo jamani. Muhula huo huo tulikuwa darasani tunafundishwa zile kazi nne za meneja, kupanga, kupangilia, kuongoza, kudhibiti, tukaandika na asainmenti ndefu kuhusu malalamiko ya mteja yashughulikiwe vipi. Chuo kinafundisha hayo ghorofa ya pili, ofisi ya ushauri iko ghorofa ya kwanza. Kuna ngazi tu hapo katikati.

Na kinachouma sio ada peke yake. Pell Grant, ile ruzuku ya masomo ya serikali, kwa sisi wenye green card na kipato kidogo inasaidia sana, kile kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395 kwa mwaka, na kwenye komyuniti koleji hela hiyo inalipa ada na chenji inabaki. Lakini Pell ina kikomo, ni sawa na mihula 12 ya kusoma kikamilifu maisha yako yote, basi. Mihula niliyotumia kwenye BMGT imeshahesabiwa, hairudi. Wanaokuja kwa viza ya mwanafunzi ndio kabisa, hiyo Pell hawapati, wanalipa bei ya juu mfukoni, na kila muhula lazima wabebe krediti zisizopungua 12, kwa hiyo ukipangiwa vibaya unateketeza hela ya ukoo mzima.

Sasa mdada wa Mwanza anasubiri jibu. Hasira zikiwa juu ningemwambia usikanyage. Lakini ukweli? Vitabu viwili walitupa vya bure kabisa vya OpenStax, vile vinavyotolewa na chuo kikuu cha Rice pale Houston, unapakua kwenye simu unasoma ukiwa brek. Darasa watu ishirini na kitu, mwalimu anajua jina lako na anajua mama yako anauza nini. Nimeuliza bei ya ACCT 2301 kule chuo kikuu, kozi hiyo moja tu, nikafunga ukurasa. Kwa hiyo dada yangu njoo, ila siku ya kujiandikisha wasikupe karatasi ukaondoka nayo. Kaa pale pale, waulize hii kozi kule ninakoenda inapokelewa, moja moja, na wakuandikie kwenye imeili. Ukiona ACNT, mwambie unataka ACCT. Akikasirika, akasirike.

Mimi nimebadilisha programu, Jumatatu naanza ACCT 2301. Ndiyo, chuo kile kile, nichekeni. Nilitaka nimpate tena yule mwalimu wa vitenge, nikaambiwa yeye hafundishi hizo, anafundisha za ACNT tu.