Msumari wa SIGN kwa mfupa wa muundi: unafaa, ila una masharti

Kwa muundi uliovunjika katika ajali ya bodaboda, msumari huu, yaani fimbo ya shirika la SIGN inayoingizwa ndani ya mfupa kushikilia vipande, tunaupendekeza bila kusita. Ni chuma cha pua, hauna tundu refu katikati, na umeundwa kwa vyumba vya upasuaji visivyo na eksirei ya papo kwa papo. Daktari hupanua njia ya uboho kwa mkono, huingiza msumari, kisha hufunga kwa nje mkono wa kulenga, kifaa kinachoonyesha yalipo matundu ya skrubu za kuufungia msumari kwenye mfupa. Kitafutio, kifaa cha kulipapasa tundu, kikinasa kwenye tundu la skrubu, anahisi kwa vidole.

Mifupa mirefu mingi huunga. Makadirio ya kawaida ya isiyounga ni 5 hadi 10 kwa kila 100, na muundi uko hatarini zaidi: mbele una ngozi tu, nyama haba, damu kidogo. Kidonda wazi, usaha, sigara na kisukari huzidisha hatari. Msumari hauondoi hayo! Kidonda kisiposafishwa vizuri na antibiotiki zikichelewa, chuma kizuri kitakaa ndani ya usaha.

Kasoro inayotusumbua ni pengo. Vipande vikiachwa mbalimbali huku skrubu zimefungwa juu na chini, msumari wenyewe unavizuia kukutana. Wakati mwingine kutoa skrubu za upande mmoja, mgonjwa akaukanyagia mguu, hutosha.

Dai picha za eksirei wiki ya 6 na ya 12. Miezi 9 bila kuunga, 3 ya mwisho bila mabadiliko yoyote, huhesabiwa kuwa mfupa umegoma. Ila msumari uliolegea usisubiri hadi hapo.