Sufuria ya pilau la shughuli kutoka Ngamiani, mi naichemshia bia

Nilikuwa natafuta sufuria ya kuchemshia bia ya nyumbani, zile za stenlesi zenye koki chini bei yake haishikiki, nikaingia Ngamiani hapa Tanga nikachukua ya alumini, hizi wanazopikia pilau la shughuli, Sh 85,000. Muuzaji kasema lita 40. Nimefika nyumbani napima kwa dumu la lita 5, madumu saba tu ikafika ukingoni, yaani 35! Hii imeniudhi kweli maana kwenye bia hiyo nafasi ya juu ndo inakuokoa, maji ya kimea yakianza kuchemka povu linapanda kama maziwa, ukigeuka tu limeshamwagikia jiko na sukari imeungua pale. Kwa hiyo naweka lita 25 basi, na zile dakika za mwanzo sibanduki, nakaa na mwiko na kikombe cha maji baridi, mpaka povu lizame lenyewe uone protini imeganda vipande vipande inazunguka kama yai ulilomiminia kwenye supu.

Ninachoipendea ni mdomo mpana. Lita 25 baada ya saa moja zinabaki kama 21, na mvuke lazima utoke jamani, mara ya kwanza nilifunika ili nibane matumizi ya gesi ya jiko, bia ikaja kunuka mahindi ya kuchemsha, kumbe kimea cha shayiri kikichemka kinatoa dimethaili salfaidi, ndo yenye harufu hiyo, ukifunika matone ya mfuniko yanairudisha humo humo. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, za uchungu natia mapema zichemke dakika 60, bila moto wa muda mrefu asidi zake hazigeuki kuwa ule uchungu unaobaki kwenye bia, za harufu dakika 5 za mwisho zinatosha.

Ikiwa mpya chemshia maji matupu kwanza, itafifia iwe kijivu, iache hivyo hivyo, usiisugue na stilwaya maana ule utando ndo kinga yake. Mishikio imepigwa ribiti, tumeinyanyua mimi na shemeji imejaa ya moto haikucheza hata kidogo. Kupoza ndo kazi, naikalisha kwenye beseni la barafu ya kule Deep Sea kwa wauza samaki, na kwa joto la Tanga mwezi wa pili inachukua karibu saa nzima ndo utie hamira.

Kununua nunua, ila nenda na dumu lako upime pale pale dukani kabla hujatoa hela.