Wembe wa kukunja wa mtumba: tazama mgongo kabla ya makali

Malalamiko ya wanaoanza kunyoa kwa wembe wa kukunja yanafanana mno. Mtu kanunua mtumba mtandaoni, unang'aa kama kioo, kaupeleka kunolewa, umerudi na bado unavuta ndevu. Lawama zote anatupiwa mnoaji, kumbe mara nyingi kasoro iko mgongoni mwa wembe, mahali ambapo wanunuzi hawapaangalii.

Tusichanganye na ule wa vinyozi wetu, wenye kishikio cha kutilia nusu ya wembe. Ule haunolewi, basi mgongo wake hauna kazi. Wembe wa kukunja hulazwa bapa juu ya kinoo, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja, na unene wa mgongo ndio unaoamua pembe ya makali. Upana wa milimita 16 na mgongo wa milimita 4.5 hutoa pembe ya nyuzi 16 hivi, na hapo panafaa. Mwenyewe wa zamani akiukandamiza jiweni miaka nenda miaka rudi mpaka mgongo ukabaki milimita 3.5, pembe inashuka hadi nyuzi 12 na ushee. Makali yanakuwa membamba mno, yanamegeka punje usizoziona kwa macho, na shavu ndilo linalozihisi.

Mgongo ukilika kwa usawa, dawa ipo: bandika tepu ya umeme juu yake wakati wa kunoa. Kila tabaka huongeza kama milimita 0.3 ukijumlisha pande mbili, kwa hiyo matabaka matatu yanarudisha karibu milimita yote iliyopotea. Ukilika mshazari au ukabonyea katikati, tepu haisaidii, kwa sababu nayo inafuata bonde lile lile.

Kwa hiyo mwombe muuzaji picha ya mgongo kutoka juu, kisha ya kila upande. Tafuta ule mstari bapa unaometa ukingoni mwa mgongo, ndiyo alama ya kinoo. Ukiwa na upana wa milimita moja hivi, sawa kutoka shingoni, yaani karibu na mpini, hadi nchani, huo ni uchakavu wa kawaida. Ukianza kama uzi nchani na kufika milimita tatu karibu na shingo, au upande mmoja ukiwa mpana kuliko wa pili, achana nao hata kwa nusu bei. Ukiwa nao mkononi, ulaze juu ya kioo na umulike tochi kwa nyuma. Mwanga ukipenya chini ya makali upande mmoja, na ukiugeuza haupenyi, bapa, yaani kile chuma cha kunyolea chenyewe, limepinda.

Ufa wowote ni wa kukataa. Madoa ya kutu katikati ya bapa hayana neno, ila vitundu vya kutu ndani ya milimita mbili za mwisho hugeuka mapengo mara unapoanza kunoa.

Chaguo langu la kwanza, bila kuzunguka, ni Böker wa Solingen, Ujerumani, wenye chapa ya mti. Chukua wa 5/8 au 6/8 ya inchi, yaani milimita 16 au 19, mbavu zilizochimbwa (zimebonyea kwa ndani ili bapa liwe jembamba), ncha ya mviringo. Chuma chake kinakubali kinoo upesi na bapa jembamba halimchoshi mnoaji. Chaguo la pili ni nyembe za Eskilstuna, Uswidi, kama Heljestrand: chuma kigumu, makali yanakaa, lakini wakusanyaji wamepandisha bei. Zile nene za Sheffield, Uingereza, za karne ya 19 ni nzuri na nzito, ila bapa karibu zima hugusa jiwe na kuzinoa ni kazi ya siku. Si za anayeanza. Wembe mpya wa bei ya kutupa huwa na chuma laini kisichoshika makali, upite.

Kinachoudhi ni maneno "tayari kunyolea". Muuzaji kaujaribu kwa karatasi, basi. Wengine huusugua kwa mashine mpaka chapa inafutika, na joto likizidi chuma chembamba cha makali hulainika. Ukiona rangi ya bluu au ya majani makavu karibu na makali, ugumu umekwisha, na hakuna kinoo kitakachourudisha. Halafu kwa mng'ao huo anakutoza zaidi! Afadhali wembe wa kijivu, wenye mgongo mzima, na pesa inayobaki ikanunue ukanda wa ngozi wa kupitishia makali na kumlipa mnoaji.

Ukifika, uoshe kwa sabuni kisha spiriti ya asilimia 70, bila kulowesha mpini. Usiuchemshe. Mipini mingi ya zamani ni ya seluloidi, ambayo hushika moto upesi, na ikianza kuoza hutoa mvuke unaolisha bapa kutu. Ukikuta kutu pale tu bapa linapolala ndani ya mpini na mkia, yaani chuma kinachochomoza nje ya mpini, ni safi, badilisha mpini, na usiuhifadhi pamoja na nyembe nyingine.