Wameokoa waya mita ishirini, wamenipatia X nyekundu

Nguzo za fremu ya sola kiwanjani kwangu zimepigwa X nyekundu na manispaa, na pembeni pameandikwa SIMAMISHA. Kampuni iliyozichimbia inasema hilo ni la mwenye kiwanja. Kwa jibu hilo peke yake, nyota moja.

Nililipia paneli sita za wati 550 kwenye fremu ya kusimama chini, maana bati la nyumba ni geji 32, jembamba, na kenchi zake si za kubebeshwa paneli ya kilo 28 mara sita. Nguzo zao ni imara, mashimo ya futi tatu, zege la moja-mbili-nne (saruji, mchanga, kokoto). Ila zote ziko sentimita 60 kutoka mstari wa bikoni (alama za mpaka wa kiwanja), ndani ya eneo ambalo mipango miji inataka libaki wazi. Zege lilipokuwa bado linachanganywa niliuliza habari ya kibali. Msimamizi wao, macho kwenye simu, akanijibu: "Mzee wangu, sola haina mambo ya manispaa. Hayo ni ya nyumba."

Si kweli! Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inahesabu shughuli za ujenzi na za uhandisi juu ya ardhi kuwa uendelezaji, na uendelezaji mjini unaombewa kibali. Nguzo sita zilizozikwa kwenye zege, zinazobeba paa la mita 3.4 kwa 4.6, zinawezaje kuwa nje ya hapo? Mtu anayefanya kazi hii kila wiki Tabora nzima hana ruhusa ya kutolijua.

Sababu walizotoa za kung'ang'ania mpakani ndizo zinazoniudhi zaidi. Ya kwanza, eti uani ni mbali, umeme utapotea njiani. Paneli sita zikiunganishwa mfululizo zinatoa takriban volti 250 na ampia 13. Waya wa milimita 4 za mraba, mita 30 kwenda na 30 kurudi, unapoteza volti tatu na nusu hadi nne, yaani chini ya asilimia 2. Ya pili, eti mnara wa simtanki utatia kivuli asubuhi. Kivuli kweli kipo, na kwenye mfululizo paneli moja ikifunikwa huwavuta wenzake, lakini kinaondoka kabla ya saa tatu. Tabora iko magharibi mno kwa saa tunazotumia: jua linafika juu kabisa kwenye saa saba kasoro dakika kumi, si saa sita. Saa mbili asubuhi bado liko chini, mavuno yake ni kidogo. Kwa hiyo hesabu iliyobaki ni ya waya. Wameokoa mita ishirini na ushee.

Niwe mkweli lakini, kazi ya ndani ni safi. Breka upande wa paneli ni ya DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa paneli), na wengi huweka ya AC (umeme wa kupishana, kama wa gridi) kwa kubana matumizi, wakati ile hutegemea umeme ushuke hadi sifuri mara 100 kwa sekunde ndipo cheche ikatike. DC haishuki, breka inaungua. Ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) imefika kwenye fremu yenyewe, kinga ya radi ipo, na mwinamo wa nyuzi 10 kuelekea kaskazini unatosha mvua kusafisha vumbi. Kwa haya nilitaka kupandisha hadi nyota tatu.

Afisa aliyekuja na tepu alieleza bila kelele. Kabla ya shimo la kwanza, tafuta bikoni zote nne na uvute kamba kati yake, usiamini uzio. Chora kiwanja, onyesha fremu ina upana gani, iko umbali gani kutoka kila mpaka, na vimo vyake (yangu ni mita 1.2 chini, 2 juu). Ambatisha hati au barua ya ofa ya kiwanja na risiti ya kodi ya pango la ardhi, pitia kwa mtendaji wa mtaa, kisha peleka mipango miji. Nami naongeza: nguzo zisizikwe. Zichomelewe pleti chini, zifungwe kwa bolti kwenye zege, ili zikitakiwa kuhama ziondoke kwa spana. Zangu zitakatwa kwa grenda na kupungua urefu.

Juzi wameniletea bei ya kuhamisha, na humo wameweka gharama ya kuvunja zege walilomwaga wenyewe. Nyota tatu nimezifuta, inabaki moja. Waya mpya nitalipa. Zege, silipi.