TAHADHARI: Muuza mitetea wa pikapu nyeupe anauza vikongwe waliopakwa manjano

Jamani, naandika huku mikono inatetemeka, mnisamehe mwandiko. Tangu jana naandika nafuta, naandika nafuta, aibu imenishika. Mnaojua habari za lile banda langu la kuku mnazijua, na alichosema mume wangu, baba Nasra, siku msingi unachimbwa mnakijua, sirudii. Leo wala hajasema kitu. Kapita, kachungulia bandani, kaenda zake kunywa kahawa.

Nimepigwa. Kuku 60, elfu 14 kila mmoja, piga hesabu: laki nane na elfu arobaini. Weka na usafiri elfu 45. Hela ya korosho ya mama, nimeitunza tangu Desemba bila kuigusa, hata Nasra alipotoboka viatu vya shule nikamwambia vumilia.

Najua mtasema mama Nasra naye kazidi kuamini watu. Haya, sikieni kwanza. Kuku wa kienyeji nimefuga miaka, si mgeni wa kinyesi. Nisichokijua ni hawa wekundu wa mayai. Vifaranga vya kuagiza Dar kwenye maboksi ya basi nilishajaribu, hayakuniendea vizuri. Ndiyo nikasema safari hii nanunua mitetea waliokwisha kulelewa, wiki 16, chanjo zimekamilika, nawalisha wiki tatu nne naanza kuokota. Namba ya muuzaji nilipewa na mama mmoja tuliyekutana dukani nikinunua pumba. Simlaumu, na yeye alipewa tu.

Na sikumwamini hivihivi! Wiki nzima nilikuwa nampigia kama namtungia mtihani. Nikamuuliza, kaka, wa wiki 16 nawapa chakula gani? Akajibu hapohapo: "Bi mkubwa, bado cha kukuzia. Usikimbilie cha kutagia, kina chokaa nyingi, ukimpa mtetea kabla ya wakati unamharibu figo. Ukianza kuona mayai ndipo uwachanganyie, leo kidogo kesho zaidi, mpaka wiki iishe wamehamia." Nikamuuliza chanjo. Akazipanga: Gumboro wakiwa wadogo, ndui ya kuchoma kwenye bawa, kideri unarudia kila baada ya miezi mitatu. Nikamuuliza taa. Akaniambia Mtwara mwezi wa sita jua linazama saa 12 na dakika zake, ukiwaachia mwanga wa jua tu watachelewa, niongeze balbu taratibu wakishafika wiki 18 mpaka mwanga wao ufike jumla ya saa 16 kwa siku, na nikishaongeza nisije nikapunguza. Viota? Kimoja kwa kuku wanne au watano, viwe na giza kidogo, viwekwe kabla hawajaanza ili wavizoee.

Yote hayo nikayapeleka kwa afisa mifugo wa kata yetu. Akasema sawa, sawa, sawa. Sasa mtu anayejua hivyo utamshuku kwa lipi? Nilipotaka kumtumia hela ya utangulizi akakataa. AKAKATAA. "Lipa ukiwaona, bi mkubwa, siku hizi matapeli wengi." Niambieni nyinyi, tapeli gani anakataa hela?

Ikaja Alhamisi. Kasema saa 8 mchana atakuwa mlangoni. Saa 8 anapiga, yuko Mnazi Mmoja ya Lindi, tairi. Saa 10, bado tairi. Akaingia adhana ya magharibi inaadhiniwa, pikapu nyeupe, turubai la bluu, matenga sita. Kabla hajanisalimia mimi kamwendea mama barazani, "Shikamoo bibi", kapiga magoti kabisa, halafu akashusha Kimakonde mpaka mama akacheka meno yote nje. Akaomba maji ya kutawadha. Akaniachia kuku wote, shilingi haijatoka mkononi mwangu, akaenda zake msikitini!

Nikabaki nao peke yangu. Taa ya bandani fundi alikuwa bado hajafunga, nikamulika kwa simu. Manyoya mapya yanang'aa. Upanga wa kichwani mwekundu. Miguu ya njano kama embe dodo. Nikanyanyua mmoja, mzito, nikasema moyoni wamelishwa hawa. Aliporudi akamgeuza mmoja, akaniambia lete vidole. Akaniwekea vidole kwenye ile mifupa miwili ya nyonga, pale chini ya mkia. Viliingia vitatu, vimelala sambamba, na tumbo laini, la moto. "Unaona nafasi hiyo? Mlango umeshafunguka. Wiki mbili hazifiki." Nikacheka. Wallahi nilicheka, naikumbuka sauti yangu mwenyewe.

Tukahesabu, nikalipa kwa simu. Jina lililotokea la mwanamke. Eti la shemeji yake, laini yake ina deni, hela ikiingia inamezwa. Nikaona sawa. Akanipa na kuku wa 61, nyongeza. Akawasha gari, halafu akatoa kichwa dirishani: "Bi mkubwa, wametoka safari, usiwamwagie maji wala usiwashike na mikono mibichi, watashtuka. Sakafu iwe kavu." Nikamwambia asante sana kaka, Mungu akubariki.

Nilimwombea na baraka.

Usiku nafua kanga naona doa la njano. Nikajua ni mchuzi.

Sasa malezi niliyowapa! Mwali aliye ndani hatunzwi hivyo. Siku ya kwanza maji ya glukosi na vitamini. Randa kavu za mbao sakafuni, nimezigeuza kila asubuhi. Fundi seremala kanitengenezea viota 14. Nikaazima mzani, nikawapima kumi: kilo 1.9, kilo 2, mmoja kilo 2.1. Yule afisa alishaniambia mtetea wa wiki 16 au 17 wa aina hii anakuwa kilo 1.3 mpaka 1.5. Nikajiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini.

Siku ya tatu, mayai manne. Makubwa! Nikaweka picha kwenye status, wengi wenu mlinipongeza, na maneno niliyoandika pale juu leo yananichoma, "subira yavuta heri". Kuna aliyeuliza "mbona makubwa hivyo kwa mara ya kwanza?" Nikamjibu lishe bora, dada. Nisamehe, dada yangu. Wewe ulikuwa unaona.

Nikaenda kujitapa kwa yule kijana wa chipsi karibu na stendi, nikamwahidi trei mbili kila siku mbili, nitapandisha kadiri wanavyoendelea. Mitetea 60 wakishika kasi hawakupi chini ya mayai 50 kwa siku, hiyo ndiyo hesabu niliyokuwa nalalia. Siku ya nane nikapata 11. Siku ya kumi, saba. Mengine maganda laini, unalishika linabonyea kama mfuko wa ubuyu. Mmoja akalala chini, miguu haimbebi. Na mimi nimeshikilia chakula cha kukuzia, chokaa sitoi, naogopa figo! Kumbe nawanyima chokaa kuku ambao maisha yao yote wanatengeneza maganda. Kwa mtetea ushauri ule ni sahihi kabisa. Kwa hawa ilikuwa ni kuwamaliza.

Siku ya kumi na mbili Nasra kajikwaa kwenye chombo cha maji, ndoo nzima ikamwagika kwenye randa. Akachukua kitambaa awafute kuku miguu, mtoto ana huruma. Mara namsikia, "Mama, kuku wanatoka rangi." Nikamwambia acha utani. Akaninyooshea kitambaa. Njano tupu. Nikainua mguu wa yule kuku, nikasugua kwa kidole gumba: chini yake mweupe kama kucha iliyokufa, magamba yamekakamaa, kucha zimekatwa na tupa, alama za tupa zinaonekana. Nikanusa kidole. Manjano. Manjano ya mchuzi na mafuta ya nazi. Nikakaa palepale kwenye randa mbichi.

Afisa alipokuja hakumaliza dakika mbili. Kuku wa miguu ya njano akitaga muda mrefu ile rangi inamtoka kidogo kidogo, inaanza nyuma kwenye mlango wa yai, inakuja pembeni ya macho, mdomo, miguu inakuwa ya mwisho. Mweupe mpaka miguuni kataga miezi na miezi. Na vile vidole vitatu nilivyofurahia? Mtetea wa wiki 16 mifupa imebana, kidole kimoja kinaingia kwa shida. Akasema hawa wamemaliza kutaga mahali huko, wamepumzishwa mpaka wakabadili manyoya, wakaletwa kwako. Nilidhani nimemfungia mwali ndani, kumbe nimefungia makungwi sitini na moja.

Nimempigia, namba haipatikani. Ile ya "shemeji" ikapokewa na mtu anasema nimekosea. RB ya polisi nimechukua. Askari mmoja pale aliuliza kuku wenyewe wana miaka mingapi, wenzake wakacheka, na mimi nikacheka na machozi yananitoka.

Mtu huyu AKAMATWE. Simtakii kupigwa wala kuchomwa, mnisikie vizuri, msije mkaniletea kesi. Lakini afungwe. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa la jinai nchi hii, si utani wa watani. Na kabla ya kufungwa afungiwe kwanza kwenye banda langu wiki tatu, alale kwenye kiota, balbu juu yake saa 16, ale cha kukuzia kwa gramu, na asitoke mpaka atage. Apakwe na manjano tukamuuze mnadani kama kijana wa miaka 18. Kumpigia magoti mama yangu! Kutawadha kwa maji yangu! Hilo la maji ndilo linaniuma kuliko laki nane, mtanisamehe.

Ah, dalili. Mnaniuliza kwenye simu dalili, ngoja niseme nikumbukavyo. Msipokee kuku usiku, hilo la kwanza, mtu akichelewa na tairi lake alale huko huko aje asubuhi. Kitambaa chenye maji na sabuni, futa miguu kabla ya kulipa. Mzani. Mtetea wa aina hii wa wiki 16 mwenye kilo mbili hayupo. Angalia ule mlango wa nyuma, wa mtetea ni mdogo, wa mviringo, mkavu, wa aliyewahi kutaga umetanuka. Upanga wa wiki 16 unaanza tu kuchangamka, haujawa mkubwa ukaangukia upande. Yai la kwanza la mtetea huwa dogo, ukiokota kubwa siku ya tatu usiweke status. Kadi ya chanjo aliniachia nzuri tu, ina mihuri, haina jina la shamba. Sikuangalia. Na jina la malipo likiwa la mtu mwingine, basi hapo hata mimi nilijua, ila tayari moyo ulikuwa bandani.

Kuna lingine lilikuwepo nimelisahau, nikikumbuka nitaongeza.

Chakula nimeshabadilisha, nawapa cha kutagia na maganda ya chaza ya kusaga kutoka Mikindani. Yule aliyelala amesimama siku mbili hizi. Mayai matano, sita. Mfuko wa kilo 50 siku nane umekwisha, mayai hayanunui hata nusu yake, kwa hiyo nawatoa. Kijana wa chipsi nimemrudishia hela yake ya awali.

Mtu wa Ndanda kanipigia asubuhi, kaona pikapu nyeupe yenye turubai la bluu inaelekea Masasi. Mwenye ndugu Masasi, Nachingwea, Newala, ampigie sasa hivi, asisubiri kumaliza kusoma.

Wamebaki 43. Nauza wa nyama, elfu nane, njooni mchana. Miguu nimewaosha.