PlayStation 2 nyembamba: mpaka leo nasema inunue

Kwenye kibanda changu cha gemu hapa Tanga zipo PS4, lakini kona ya watoto imeshikwa na PlayStation 2 nyembamba, na haikai bure.

PlayStation 2 ya kwanza, ile nene, ilitoka Japani Machi 2000, na zote pamoja, nene na nyembamba, zimeuzwa zaidi ya milioni 155. Wapinzani wake Xbox na GameCube, hata ukizijumlisha, hazifiki milioni 50. Wengi husema ni gemu ndizo zilizoibeba. Gemu zilikuwepo, sikatai, ila mimi naona Sony, watengenezaji wake, waliwapiga wenzao kwenye DVD. Wakati ule deki ya DVD ilikuwa ghali, wao wakaiweka ndani ya mashine ya gemu. Mzazi asiyetaka kusikia habari za gemu alitoa pesa, maana naye angeangalia sinema. Dreamcast ya Sega haikusoma DVD, na mwanzoni mwa 2001 Sega wakatangaza kuiacha. Nintendo, kwenye GameCube yao, wakaja na visahani vidogo vya sentimita 8, kwa hiyo DVD ya filamu haikuingia. Xbox ya Microsoft ilikuwa na nguvu kuliko PS2, lakini kuangalia DVD mpaka ununue rimoti yake kando! Na CD za PlayStation ya kwanza zilicheza humohumo, kwa hiyo mteja wa zamani hakuwa na sababu ya kuhama.

Faida hiyo ya DVD naila mimi mpaka sasa. Asubuhi watoto wakiwa shule naweka filamu. Wakitoka, naweka gemu ya mpira, PES 2014, ambayo Konami waliitoa kwa PS2 Novemba 2013, Sony wakiwa wameshaacha kuitengeneza mashine yenyewe.

Ukinunua, chukua nyembamba. Unainua kifuniko cha juu, lenzi hii hapa, unaifuta kwa pamba na spiriti kidogo. Ile nene inaingiza CD ndani kwa trei, kuifikia lenzi lazima ufungue skrubu. Ukipata ya toleo la 90000 (namba imeandikwa chini ya mashine), bora zaidi: adapta iko ndani, hakuna boksi la waya sakafuni la kukanyagwa. Memori kadi ni MB 8 tu, nunua mbili. Hakikisha TV yako ina matundu ya waya nyekundu, nyeupe na njano.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji ajaribu DVD ya filamu na CD ya PlayStation ya kwanza, zote mbili. Ikisoma moja ikakataa nyingine, huenda lenzi imechoka, muachie mwenyewe.